Nyumba Moja, Kutoka Voi Kwenda Voi

Kaka yangu aliponiuliza kama ningeweza kumwandikia hati ya kununulia nyumba, ili tusimlipe wakili, nilipaswa kusema, "Siwezi." Badala yake nilisema, "Hiyo ni kazi ya asubuhi moja."

Wakati huo vita vya Wajerumani vilikuwa vimekwisha, na mimi nilikuwa karani wa mizigo katika stesheni ya Voi. Nilikuwa kijana mwenye kofia ngumu na kalamu mbili mfukoni. Moja haikuwa na wino, lakini mbili zilipendeza kuliko moja. Nilikuwa nimesoma shule ya misheni hadi madarasa ya juu, jambo ambalo siku zile, katika vilima vyetu vya Taita, lilitosha kumfanya mtu asalimiwe na wazee kabla hajawasalimu yeye. Na mimi, kwa aibu yangu, niliwaacha wanisalimu.

Kaka ndiye aliyenisomesha. Baba yetu alifariki nikiwa bado naogopa kuku. Kaka akashuka kutoka kwetu Werugha, akakata mkonge, kisha akaingia reli, katika genge la kutengeneza njia. Kila muhula alipeleka ada misheni. Yeye mwenyewe hakusoma hata siku moja. Aliweza kugonga reli kwa nyundo na kukuambia kwa mlio wake kwamba boliti ya tatu mbele imelegea, lakini barua ikimfikia aliishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa jirani, kwa uangalifu na bila kujua kichwa kiko wapi. Alizileta zote kwangu. Nadhani katika hesabu zake, elimu yangu nusu ilikuwa yake, na haki alikuwa nayo.

Shida yake ilikuwa moja. Yeye alilala Voi, katika landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja na wanaume wengine watatu wa genge. Mkewe na watoto watatu walikuwa Werugha, juu kwenye ukungu, na aliwaona mwisho wa mwezi, akipata nafasi. Shemeji yangu alikuwa mwanamke wa maneno machache yaliyopangwa vizuri. Alikuwa amemwambia, "Mimi siji kulala chumbani na genge zima. Siku utakayokuwa na mlango wako mwenyewe, niite. Nitakuja na vyungu vyangu." Kaka aliweka akiba miaka sita kwa ajili ya mlango huo.

Mlango ukapatikana. Mzee mmoja wa Kipwani, aliyekuwa akiuza kahawa na kashata stesheni treni zilipopita, alitaka kurudi Mombasa kwa binti yake, kwa sababu macho yalikuwa yanamwishia. Nyumba yake ilikuwa upande ule ambao leo wanauita Kaloleni: kuta za boriti na udongo, paa la mabati, vyumba vitatu, na kibaraza cha mbele ambapo mtu angeweza kukaa jioni akawatazama wenzake wakirudi landi. Bei ilikuwa rupia mia na sitini. Kaka alikuwa na mia na sabini.

Ni yule mzee aliyeshauri tutafute wakili. "Mwanangu," aliniambia, "mimi na nduguyo tunaaminiana, lakini sisi ni watu wa kufa. Kuna wakili Mombasa, Mhindi, mtu mwaminifu. Mwandikieni, na mimi nitachangia."

Nikaandika. Baada ya wiki mbili jibu likaja, limepigwa kwa taipu, kwa Kiingereza. Kaka akaja mbio mchana wa jua kali, tukaketi kwenye magunia nje ya ghala.

"Anasema nini?"

"Anasema rupia arobaini."

"Arobaini za nini?"

"Za kuandika."

"Kuandika nini?"

"Kuandika kwamba umenunua."

Kaka alifikiri. "Mimi ninajua nimenunua. Mzee anajua ameuza. Huyo wa tatu anayetaka kuambiwa kwa rupia arobaini ni nani?"

Nilicheka. Akaitazama ile barua mkononi mwangu, ukurasa mzima.

"Na hayo mengine yote chini ni nini?"

"Salamu," nikasema. "Kiingereza kina salamu ndefu."

Hazikuwa salamu. Yalikuwa maswali matatu. La kwanza liliuliza jina kamili la muuzaji. La tatu liliuliza kama nyumba ina deni. La pili, ambalo ninaweza kulisoma hata sasa nikifumba macho, liliuliza: kiwanja kilichojengwa nyumba hiyo kiko kwa jina la nani? Niliona ni ujanja wa wakili. Nilifikiri ni kama mganga anayekukamata mguu wakati unaumwa kichwa, ili baadaye aseme ametibu viwili. Lakini sababu ya kweli ya kutomsomea kaka ni kwamba sikujua jibu, na sikutaka anione sijui.

Ndipo akauliza. "Wewe huwezi kuiandika hiyo hati?"

Nami nikamjibu kama nilivyokwisha kusema.

Asubuhi moja niliyojisifia ikawa wiki nzima. Tatizo ni kwamba sikuwahi kuona hati ya nyumba maishani mwangu. Nilijaribu kwenye karatasi tupu, nikaanza, "Mimi ninayetajwa hapa chini," nikakuta hapo chini hapana kitu. Karatasi tupu ilionekana dhaifu. Mtu yeyote anaweza kuandika kwenye karatasi tupu. Hati ya nguvu, niliona, lazima iwe na mistari iliyochapwa, namba juu kulia, nakala ya kaboni na mahali pa muhuri. Na karatasi ya namna hiyo ilikuwa mezani kwangu, kitabu kizima cha kurasa mia.

Basi nikamwandikia kaka yangu hati ya nyumba kwenye stakabadhi ya mzigo.

Sitaki kujitetea, ila niseme kwamba ilijazika vizuri mno. Palipoandikwa Mpelekaji, nikaweka jina la mzee. Mpokeaji, jina la kaka. Aina ya mzigo: nyumba moja ya boriti na udongo, mabati ishirini na manne, milango miwili, madirisha matatu, kibaraza kimoja. Uzito: nikafikiri sana, nikaandika "mkubwa". Kutoka: Voi. Kwenda: Voi. Hali ya mzigo unapopokelewa: nzuri, isipokuwa mlango wa nyuma unakwama. Palikuwa na sehemu ya kuchagua kama mzigo unasafiri kwa hatari ya reli au kwa hatari ya mwenyewe. Kwa kuwa reli haikuhusika, nikaweka alama kwenye hatari ya mwenyewe, nikajiona mtu makini. Kisha nikagonga muhuri wa stesheni.

Siku ya kutia sahihi tulikusanyika kwenye kibaraza. Mzee alileta mashahidi wawili wa msikitini na kombe la halua. Kaka alileta wazee wawili walioshuka kutoka vilimani na mbuzi mmoja, maana kwetu ununuzi ambao haukuliwa nyama haujulikani. Wale wa Kipwani walitaka kujua mbuzi atachinjwa na nani. Tukapoteza muda hapo, hadi ikakubaliwa mbuzi achinjwe na shahidi wa mzee, aliwe na mashahidi wa pande zote, na halua ipite baadaye. Wazee wetu waliila halua kwa mashaka, wakaomba tena.

Nilisoma hati kwa sauti. Nilipofika kwenye mlango unaokwama, mzee aliitikia kwa kichwa kwa heshima. "Umeandika haki," akasema. "Unakwama kweli." Wakatia vidole gumba kwenye wino.

Na hapo, wakati nikipuliza wino ukauke, mzee aliniambia jambo. Hakuninong'oneza wala hakuzunguka. Alisema, "Kiwanja, mwanangu, kama mnavyojua, ni cha binamu yangu, yule mwenye bucha. Ni mtu mzuri. Mtaelewana naye."

Nilimsikia vizuri. Nilijibu, "Hati imeshughulikia yote hayo, mzee." Yeye, ambaye macho yake hayakuweza tena kusoma hata herufi kubwa, aliniamini na kumshukuru Mungu kwa vijana waliosoma.

Ni lazima nieleze hapa, maana watoto wangu hucheka wakidhani nilikuwa mjinga wa kawaida. Kwetu vilimani hakuna mtu anayeuza nyumba. Nyumba ni miti na nyasi, huoza, hujengwa nyingine. Kinachonunuliwa ni shamba, na nyumba hufuata kama mkia. Kwa watu wa Pwani, mwenye kiwanja na mwenye nyumba wanaweza kuwa watu wawili tofauti tangu babu zao, huyu analipa kodi kidogo ya ardhi, yule anapokea, na wanaamkiana kila asubuhi. Mzee alituuzia nyumba. Hakudanganya hata chembe. Sisi tulidhani tumenunua mahali.

Shida ya kwanza ilitoka ofisini kwangu. Stesheni masta alikuwa Mgoa mwenye ndevu zilizochanwa, mtu wa kanuni, aliyehesabu hata vibiriti. Mwisho wa mwezi alikagua kitabu cha stakabadhi, akaniita.

"Karani, hii hapa inasema tumesafirisha nyumba."

"Ndiyo, bwana."

"Kutoka Voi."

"Ndiyo, bwana."

"Kwenda Voi."

Alizungusha kitabu, akakitazama kwa upande mwingine, labda kwa matumaini.

"Ilipanda behewa gani?"

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kubadilika uso. Kisha akavuta daftari la nauli, akatafuta. "Umbali ni maili sifuri," akasema. "Lakini kuna kima cha chini. Na uzito umeandika 'mkubwa', kwa hiyo tutachukua behewa zima." Nililipa kutoka mshaharani mwangu kwa miezi miwili. Hakunifukuza. Kwa miaka mingi baadaye, mtu akileta mzigo wa ajabu, twiga aliyejazwa majani au piano ya mkulima fulani, aliniita na kusema, "Mpe karani wa nyumba, ana uzoefu."

Sikumwambia kaka. Alikuwa na furaha, na furaha yake ilikuwa mpya hata yeye hakujua kuitumia. Alikuwa amehamia nyumbani peke yake, akingoja maharagwe yakauke Werugha ili shemeji ateremke na watoto. Jioni akitoka kazini alifagia vyumba vyote vitatu, hata vile viwili ambamo hakuna aliyeingia. Alirekebisha ule mlango wa nyuma. Nilimkuta siku moja akiufungua na kuufunga, akiufungua na kuufunga.

"Unafanya nini?"

"Natoka nje," akasema. "Kisha naingia. Hakuna mtu ananiuliza."

Maharagwe yalikuwa yamebakiza wiki tatu hivi kukauka mwenye bucha alipokuja. Nilikuwapo. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kanzu safi kuliko ungetarajia kwa kazi yake. Tulimfahamu vizuri, kwa sababu alipeleka ngozi Mombasa kwa treni, na kila wiki nilimjazia karatasi zake. Alikaribishwa, akaketi, akauliza habari za kazi, za nyumbani, za mvua, za miguu ya kaka. Alipozimaliza zote akasema:

"Nimekuja kuhusu kiwanja changu."

"Kiwanja gani?" kaka akauliza.

"Hiki tulichokalia."

Kaka alitabasamu, akanitazama mimi kama mtu anayetazama bunduki yake ukutani. "Mdogo wangu, mletee hati."

Nikaileta. Ilikuwa imehifadhiwa ndani ya mkebe wa sigara, imefungwa kwa kitambaa. Mwenye bucha akaifungua, akaisoma juu hadi chini, akaigeuza, akaisoma nyuma. Kisha akaniangalia.

"Karani. Hii naijua. Hii ndiyo unayonijazia ngozi."

"Ni ya namna hiyo," nikasema.

"Ni hii hii." Akaiweka gotini. "Haya. Mimi sina ugomvi na nyumba yenu. Nyumba ni yenu, hapa imeandikwa mmeipokea ikiwa katika hali nzuri. Ila imelala juu ya kiwanja ambacho karatasi yake ya serikali ina jina langu. Binamu yangu nilimwacha akae bure, ni damu yangu. Sasa ninataka kujenga bucha kubwa na zizi. Nyinyi mkitaka kukaa, tupatane kodi ya ardhi, rupia nane kwa mwezi. Msipotaka, ondoeni mzigo wenu."

"Mzigo?" kaka akasema.

"Ndivyo alivyoandika nduguyo." Akanigeukia. "Na tena karani, mwaka jana magunia yangu ya chumvi yalilala stesheni siku nne, ukanitoza malipo ya kulaza mzigo. Nikakusihi. Unakumbuka ulivyonijibu?"

Nilikumbuka. Nilimjibu kwamba kanuni ni kanuni.

"Basi soma hapo nyuma."

Nikasoma kimya.

"Kwa sauti, nduguyo asikie."

Nikasoma kwa sauti kwamba mzigo usiochukuliwa na mwenyewe baada ya siku tatu utatozwa kwa kila siku inayozidi. Mwenye bucha alifumba macho akisikiliza, kama mtu anayesikiliza kasida. Hakudai hizo pesa, nataka kuwa mkweli kwake. Alitaka tu nizisome.

Kaka alisema, "Bwana, kwetu haiwezekani mtu auze nyumba peke yake. Ni sawa na kuniuzia kivuli cha mti."

"Kwetu inawezekana," mwenye bucha akajibu kwa upole, "na kila mtu anauliza kwanza mti ni wa nani. Hamkuuliza?"

"Hatukujua kama kuna la kuuliza," akasema kaka, nami nikaanza kuifunga hati kwenye kitambaa chake.

Rupia nane zilikuwa zaidi ya theluthi ya mshahara wake. Nikamwambia tusikubali, twende Mombasa kwa wakili yule yule, sheria itatutetea. Hata hapo ningeweza kumwambia habari ya barua. Badala yake nilijipa matumaini kwamba wakili ana barua nyingi, hataikumbuka yetu.

Ofisi yake ilikuwa ghorofani, na ngazi zake zilikuwa za namna ya kumfanya mtu afike juu akiwa tayari kulipa. Alikuwa mfupi, na meza yake ndefu. Alichukua rupia kumi ili atusikilize. Kisha akaomba hati.

Aliisoma. Akavua miwani, akaipangusa, akaisoma hati upya. Mabega yake yakaanza kutikisika, lakini hapakutoka sauti. Akamwita karani wake kutoka chumba cha pili, akamwonyesha mstari mmoja kwa kidole, na karani akarudi alikotoka haraka, kisha tukamsikia akicheka huko.

"Nani ameandika hii?" wakili akauliza.

"Mdogo wangu," kaka akasema. Aliketi wima. Alikuwa amevaa koti aliloazima kwa nyapara. "Amesoma, huyu. Alimaliza misheni."

"Naona," akasema wakili. Alikuwa na adabu, alijitahidi. "Bwana, karatasi hii ni nzuri kwa jambo moja. Inathibitisha kwamba nyumba ni mali yako na kwamba inaweza kubebwa. Zaidi ya hapo, haina neno juu ya kiwanja. Kama mngenunua nyumba pamoja na haki ya kukaa, tungemwita mwenye kiwanja siku ile ile, angetia sahihi kodi ndogo ya miaka mingi. Binamu yake aliyewauzia alikuwa bado yuko, na mwenye kiwanja asingekataa. Sasa amekwisha kuondoka, na huyu ana mipango yake."

"Hatukujua," kaka akasema.

Wakili alinyanyua nyusi. Akafungua kabati, akatoa faili jembamba, lililokuwa na karatasi mbili tu: barua yangu na nakala ya jibu lake. Mtu yule alihifadhi nakala hata za kazi ambazo hakuzipata.

"Lakini niliwauliza. Hapa, swali la pili. Kiwanja kiko kwa jina la nani?" Akaligeuza kwa Kiswahili neno kwa neno, na Kiswahili chake kilikuwa safi.

Kaka alinigeukia taratibu.

"Alikuuliza?"

"Ndiyo."

"Katika ile barua ya rupia arobaini?"

"Ndiyo."

"Ukaniambia ni salamu."

"Ndiyo, kaka."

Alitikisa kichwa mara moja, kama alivyozoea kufanya akisikia boliti iliyolegea. Akamshukuru wakili, akauliza bei. Wakili alitutoza rupia kumi na tano zaidi: tano za kusoma hati, tano za kupekua faili, na tano ambazo alisema ni za ushauri. Ushauri ulikuwa tuondoe nyumba kabla mwenye bucha hajabadili mawazo juu ya malipo ya kulaza.

Katika treni ya kurudi kaka hakunikaripia. Tulipofika stesheni ya Samburu alitoa mkate, akaumega, akanipa kipande kikubwa kama alivyofanya tangu nikiwa mtoto. Nilikula. Sikuwahi kula kitu kigumu kama kile.

Kilichofuata kilichekesha Voi nzima, na hata mimi, nikisimulia kwa watu wasiomjua kaka, huweza kukisimulia vizuri. Tulibomoa nyumba. Genge lake lote lilikuja Jumapili, likang'oa mabati, boriti, milango, madirisha, na kuacha udongo umesimama peke yake kama meno ya mzee. Hakukuwa na kiwanja kingine ambacho angeweza kukilipia, maana akiba yake ilikuwa imekwisha kwa nyumba, nauli na wakili. Pa kupeleka vitu vile palikuwa mahali pamoja tu, kwetu Werugha. Basi kwa mara ya pili nikajaza stakabadhi ya nyumba, kutoka Voi kwenda Mwatate kwa treni ya Taveta. Stesheni masta alisimama nyuma yangu mpaka nilipoandika uzito kwa namba.

"Sasa umeanza kuielewa kazi," akasema.

Kutoka Mwatate tulikodi wapagazi. Mabati ishirini na manne yalipanda mlima juu ya vichwa vya watu, yakimetameta na kulia kila upepo ulipovuma. Njiani watu walitoka mashambani kutazama. Mama mmoja karibu na Wundanyi aliuliza kama tunaenda kujenga kanisa. Mpagazi wa mbele akamwambia, "Hapana, ni nyumba imekimbia joto." Kaka alicheka pamoja nao. Nilifurahi kumsikia, nikasogea nitembee kando yake. Akaongeza mwendo.

Shemeji alitungoja uani, mikono kiunoni, magunia yake ya maharagwe yamefungwa tayari kwa safari. Alitazama bati la kwanza likitua, la pili, la kumi. Alitazama mlango wa nyuma.

"Nilisema utafute nyumba Voi," akamwambia kaka. "Sikusema uniletee Voi huku."

Wapagazi walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye hakucheka. Alifungua magunia yake, moja baada ya jingine, akarudisha maharagwe ghalani.

Nyumba ilijengwa tena kando ya ile ya zamani, lakini haikufaa Werugha. Ukungu wa usiku uliganda kwenye mabati, na alfajiri ulidondoka ndani kama mvua ndogo ya mtu binafsi. Watoto walikohoa. Baada ya mwezi walirudi kwenye nyumba ya nyasi, na ya mabati ikapewa mbuzi, ambao nao, shemeji alisema, walikuwa wakikubali kuingia kwa ubishi.

Kaka alirudi landi, chumba kile kile, kitanda kingine, maana chake kilikuwa kimepata mtu. Hakuanza tena kuweka akiba ya nyumba. Nilimwambia mara mbili kwamba nitamsaidia, kwamba safari hii tutamlipa wakili tangu mwanzo, nitalipa mimi. Alisema vizuri, ataniambia. Hakuniambia.

Hakunikasirikia hadharani hata siku moja. Alikuja harusini kwangu, akabeba watoto wangu, akawatania. Lakini barua zilipomfikia hakuzileta tena. Nilijua zilikuwa zinafika, kwa sababu zilipitia stesheni, niliona jina lake juu ya bahasha. Alizipeleka kwa mwenye bucha. Niliwaona mara nyingi, wameketi kwenye benchi nje ya bucha mpya, mwenye kanzu akimsomea polepole, na kaka akiinama kusikiliza. Wakati mwingine alimfanya asome mara mbili, mpaka chini kabisa.

Homa ilimkuta landini, miaka mingi baadaye, akiwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Waliokuwa naye walikuwa wanaume wa genge. Shemeji aliteremka kutoka Werugha akafika siku iliyofuata, na mimi, niliyekuwa umbali wa dakika tano, niliitwa baada ya mwenye bucha.

Kwa kutolipa rupia arobaini za wakili, na kwa kuona haya kusema sijui, nilimnyima kaka yangu maisha ya kukaa na mkewe na watoto wake chini ya paa moja. Mimi nilipoteza kaka aliyeniamini, na sikumpata tena hadi alipokufa.